Mafunzo ya Kutuliza Moyo kwa Watumishi wa Makao: Yanayopasa Kufahamika

Sebleni na Welezo kwa upande wa Unguja, na Limbani kwa upande wa Pemba, ni majina yasiyohitaji kuelezwa kwa mkaazi wa Visiwa hivi. Kila anapotajwa mzee asiyekuwa na mtoto wala jamaa wa kumtunza, majina hayo hutajwa pamoja naye. Katika miaka ya karibuni yameongezeka makao ya namna nyengine. Zipo nyumba salama wanakohifadhiwa wanawake na watoto waliofanyiwa ukatili. Na zipo nyumba za kuwasaidia walioamua kuacha dawa za kulevya, ambazo watu wengi huziita soba hausi, na ambazo zilianza kuonekana Zanzibar mwaka 2009.

Huduma nyingi za makao haya zinahesabika. Sahani za chakula zinahesabika, vitanda vinahesabika, na dawa huandikwa kila zinapotolewa. Lakini mtumishi wa zamu ya usiku anajua na yale ambayo aghalabu hayaingii katika daftari: mzee aliyekaa kitandani macho wazi hadi alfajiri, mama anayeshituka kila mlango ukigongwa, na kijana anayezunguka ua akihesabu saa zilizobaki kupambazuke. Wote hao wameshakula, na paa liko juu yao. Kilichowakosesha usingizi ni fikra.

Kwa ajili ya hali hiyo, katika nchi mbalimbali watumishi wa makao wamekuwa wakifundishwa kuongoza mazoezi mafupi ya kutuliza moyo na kukusanya fikra. Makala haya yanakusudia kueleza mazoezi hayo ni nini, nani anafaa kuyaongoza, yamethibitika kwa kiasi gani, na wapi mpaka wake ulipo. Jambo la mwisho ndilo lenye uzito zaidi, na msomaji anaombwa alifuate hadi huko.

MAANA YAKE

Mazoezi haya ni mtu kuielekeza fikra yake, kwa makusudi, kwenye jambo linalotokea wakati ule ule alipo: pumzi inavyoingia na kutoka, nyayo zinavyogusa sakafu, upepo unavyopita katika minazi, au ladha ya kahawa chungu katika kikombe alichokishika. Fikra ikipotea ikaenda kwenye madeni, msiba au hasira, mtu hutambua kuwa imekwenda, kisha huirejesha taratibu bila ya kujilaumu. Ikipotea mara kumi, huirejesha mara kumi. Zoezi lenyewe ni huko kurejesha.

Hakuna dawa inayomezwa wala chombo cha kununuliwa. Kwa sababu ya wepesi huo watu wengine huyadharau, na wengine huyasifu kupita kiasi. Makundi yote mawili yanakosea, kama itakavyoonekana mbele.

JE, NI IBADA?

Swali hili ni la haki, na mtumishi atakayeongoza kikao lazima awe tayari kulijibu, kwani wakaazi wa makao yetu ni watu wa dini. Asili ya mazoezi haya ni mafundisho ya Kibudha ya huko Asia. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, aliyaingiza katika hospitali ili kuwasaidia wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha. Aliyatenga na ibada, yakabaki kuwa mafunzo ya kukusanya fikra tu. Kwa sura hiyo ndiyo yalivyoenea mahospitalini na maskulini.

Kwa Muislamu, kuuhudhurisha moyo si jambo geni, kwani kila aliyepita chuoni alifundishwa khushuu, nayo ni kuizuia fikra isitangetange wakati wa sala. Mkristo naye anajua ukimya wa kutafakari mbele ya Mungu. Hata hivyo zoezi la makao halipaswi kuitwa sala, wala halipaswi kuchukua wakati wa sala. Anayelikataa kwa sababu ya dini yake, au kwa sababu yoyote ile, aachwe kwa heshima na asiulizwe mara ya pili.

YALIYOTHIBITIKA

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kutuliza moyo ni ya daktari peke yake. Lakini madaktari wa maradhi ya akili ni wachache katika Afrika nzima, na kuwangojea wao ni kuwaacha wengi bila ya msaada. Kwa hiyo swali lililofanyiwa utafiti ni hili: je, mtu asiyekuwa daktari, akifundishwa vyema, anaweza kuifanya sehemu ya kazi hiyo?

Jibu lililo karibu nasi zaidi linatoka Uganda. Katika makaazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini magharibi ya nchi hiyo, Shirika la Afya Duniani na washirika wake walijaribu utaratibu wa vikao vitano kwa wanawake wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Wanawake 694 wa vijiji 14 walishiriki. Vijiji vilivyopata vikao vilichaguliwa kwa kura, na vyengine vikapewa msaada wa kawaida. Mafunzo yenyewe yalirekodiwa katika sauti, kwa lugha wanayoifahamu, na kila mshiriki alipewa kitabu cha picha. Viongozi wa vikao hawakuwa madaktari wala wauguzi wa akili. Walifundishwa kwa muda mfupi, na kazi yao ilikuwa kuiendesha sauti ile, kuongoza mazoezi na mazungumzo, na kumwangalia kila aliyehudhuria. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020: miezi mitatu baada ya vikao, dhiki ya moyo ilikuwa imepungua zaidi kwa waliohudhuria kuliko kwa wasiohudhuria. Tofauti hiyo ilionekana wazi mara tu vikao vilipomalizika, na baadaye ikawa ndogo, lakini ilibaki.

Mfano wa pili ni wa Harare, Zimbabwe. Huko, kuanzia mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wazee, wahudumu wa afya wa mitaani, kukaa na wenye dhiki juu ya benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza kwa utaratibu maalumu. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionesha kuwa waliosaidiwa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo baadaye lilifika Malawi, na pia hapa Zanzibar. Utaratibu wa mabibi hao ni wa mazungumzo na utatuzi wa matatizo, nao hauwi sawa kabisa na mazoezi tunayoyaeleza. Lakini unathibitisha jambo lile lile, kwamba utu, mafunzo na usimamizi vinaweza kufanya kazi pale ambapo daktari hayupo.

Haki inatutaka tueleze na upande wa pili. Nchini Uingereza walimu wa skuli walifundishwa kuongoza mazoezi ya aina hii kwa wanafunzi wa umri wa miaka 11 hadi 14. Zaidi ya wanafunzi 8,000 walihusishwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionesha kuwa mazoezi hayo hayakuwa na faida kuliko masomo ya kawaida ya skuli, na wanafunzi wengi hawakuyafanya walipokuwa nyumbani. Somo la hapo ni kubwa kwa mtumishi wa Serikali: jambo jema likipelekwa kwa watu wote kwa pamoja, kama kipindi cha lazima, bila ya kuangalia nani analihitaji na nani amelitaka, huenda lisizae kitu.

LUTINDI, JUU YA KOROGWE

Ng'ambo ya pili ya bahari, katika Mkoa wa Tanga, ipo historia ya zamani zaidi. Mtu aliye Kilole, kata mojawapo ya mji wa Korogwe, akitazama upande wa milima anaiona Usambara. Juu katika milima hiyo, ndani ya Wilaya ya Korogwe, ipo Hospitali ya Lutindi. Mahali hapo palianzishwa na wamishionari wa Kijerumani mwaka 1896 ili kuwatunza watoto waliookolewa katika utumwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, yapata mwaka 1904, pakageuzwa kuwa makao ya wagonjwa wa akili, nayo yanahesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake katika Afrika Mashariki. Leo hospitali hiyo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri.

Lutindi haikutajwa hapa kwa sababu ya mazoezi ya fikra, bali kwa sababu ya jambo lililotangulia mazoezi hayo. Pamoja na dawa, mgonjwa wa Lutindi hupewa utaratibu wa siku: saa ya kuamka, kazi ya shamba au ya mikono, chakula cha pamoja, na watu wanaomwita kwa jina lake. Kwa jamaa wa Kilole anayempandisha ndugu yake mlimani, matibabu hayaishii katika chupa ya dawa. Makao yoyote yanayotaka kuanzisha vikao vya kutuliza moyo, hapana budi kwanza yajiulize kama siku ya mkaazi wake ina umbo. Mzee aliyekaa juu ya kiti kimoja tangu asubuhi hadi magharibi, bila ya kuzungumzishwa na mtu, hatatulizwa na dakika 20 za pumzi.

NANI AFUNZWE, NA VIPI

Soba hausi zetu zina la kutufundisha katika jambo hili. Nyumba hizo hufuata utaratibu wa hatua 12, na hatua ya 11 inahusu sala na kutafakari. Wanaoongoza, kwa sehemu kubwa, ni watu waliopita wenyewe katika ulevi wa dawa hizo wakapata nafuu. Kijana mpya humsikiliza kiongozi huyo kwa sababu anajua kwamba lile analoelezwa limeshatendwa. Wahenga wamesema mtu hatoi asichokuwa nacho. Kwa hiyo, katika kuchagua na kufundisha watumishi, yafaa yazingatiwe haya yafuatayo:

(a) Mtumishi aombwe, asiamrishwe. Anayekwenda mafunzoni kwa ajili ya posho tu atarudi na karatasi bila ya ujuzi.

(b) Afanye mazoezi yeye mwenyewe kwa wiki kadhaa kabla ya kumwongoza mwengine. Watumishi wa makao wana uchovu wao: zamu ndefu, misiba ya mara kwa mara, na maneno makali ya wagonjwa. Mafunzo yaanze kwa kuwapumzisha wao.

(c) Ajifunze kwa kutenda mbele ya wenzake, akosolewe, arudie. Mihadhara ya ukumbini haitoshi.

(d) Ajifunze dalili za hatari: mtu anayezungumzia kujiua, anayesikia sauti zisizokuwapo, asiyekula, au aliyebadilika ghafla. Huyo hapelekwi kikaoni. Hupelekwa kwa daktari, na kwa Unguja ipo Hospitali ya Kidongo Chekundu yenye wataalamu wa maradhi ya akili.

(e) Baada ya mafunzo awepo msimamizi, muuguzi wa akili au afisa ustawi wa jamii, wa kukutana naye kila baada ya muda na kusikiliza yaliyomshinda. Mafunzo yasiyokuwa na usimamizi hufifia baada ya miezi michache.

(f) Atunze siri. Visiwa vyetu ni vidogo na maneno yana miguu. Aliyelia kikaoni asikute habari yake imemtangulia dukani.

KIKAO KINAVYOKWENDA

Ili msomaji apate picha, tuchukue makao ya wazee, saa nne za asubuhi, baada ya chai na kabla ya jua kuwa kali. Wanaotaka hukaa barazani, wengine juu ya viti na wengine juu ya jamvi. Hawazidi kumi au kumi na wawili, ili kiongozi aweze kumwona kila mmoja. Kiongozi huwaamkia kwa heshima ya umri wao, kwani ni bibi na babu zake. Halafu hueleza tutafanya nini na kwa muda gani, na kwamba anayetaka kuondoka ana ruhusa wakati wowote bila ya kuaga.

Kisha huwaambia: "Bibi zangu na babu zangu, tusikilize sauti zilizopo. Iliyo mbali kwanza, halafu iliyo karibu." Wanakaa kimya kwa dakika moja au mbili. Baadaye huwaongoza kuhisi nyayo juu ya sakafu, kisha mikono juu ya mapaja, na mwisho pumzi. Asiyesikia vyema huoneshwa kwa ishara. Mwenye pumu au kifua kibovu haambiwi aifuate pumzi, kwa maana itamtia hofu. Yeye hupewa kitu cha kushika, kama vile tasbihi au ua la asumini, akihisi kwa vidole au akinusa. Kikao humalizika kwa kunywa maji polepole na kwa mazungumzo machache.

Jambo moja lisisahauliwe. Mkaazi asilazimishwe kufumba macho. Mwanamke aliyepigwa au kuingiliwa kwa nguvu, akifumba macho mahali penye kimya, huenda akarudishwa pale pale anapopakimbia. Katika nyumba salama macho yabaki wazi, mlango ubaki wazi, na kiongozi awe mwanamke. Yeyote anayeonesha kutetemeka, kupumua kwa haraka au kuduwaa, zoezi lisimamishwe kwake, aitwe kwa jina, aambiwe yuko wapi na yuko na nani, na asiachwe peke yake.

MPAKA ULIPO

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, nayo haitoki kwa mkaazi, hutoka kwetu sisi watumishi. Mzee akilalamika kuwa chakula kimechelewa, ni rahisi kumwambia akae atulize moyo. Mama akisema anataka kesi yake ifike mahakamani, ni rahisi kumwambia asubiri, moyo ukipoa ataona mambo sivyo anavyodhani. Mtoto akisema ameguswa vibaya, ni rahisi kumpeleka kikaoni kabla ya kumpeleka anakostahiki. Atakayefanya hivyo atakuwa amechukua kitu cha kumpa mtu nguvu akakitumia kumziba mdomo.

Kwa hiyo ieleweke wazi. Mzee anayedai chakula apewe chakula, na malalamiko yake yaandikwe. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa, wala ya Pensheni Jamii, ambayo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliianzisha mwaka 2016 kwa wazee waliotimiza miaka 70. Aliyefanyiwa ukatili haki yake ni kupelekwa kituo cha Mkono kwa Mkono na kwenye dawati la jinsia la Polisi bila ya kucheleweshwa. Kwa mtoto, simu ya msaada 116 hupigwa bila ya malipo. Kikao cha kutuliza moyo chaweza kumsaidia mama yule alale usiku wa kuamkia siku ya ushahidi, ili asimame mbele ya hakimu na aseme maneno yake yote. Huko ndiko kutumika kwake kwa haki. Kisitumike kamwe kumshawishi asiende.

Ipo njia nyepesi ya kujua kama kikao kimekaa mahali pake. Mkuu wa makao atazame daftari la malalamiko baada ya miezi mitatu. Ikiwa vikao vinaendelea na malalamiko yamekwisha ghafla, asifurahi upesi. Aulize kwanza kama mambo yametengenezwa, au kama watu wamefundishwa kunyamaza. Mkaazi aliyetulia kwa kweli huwa na sauti zaidi: hueleza kwa utaratibu, hukumbuka tarehe, na hudai bila ya kutetemeka.

WITO

Wakuu wa makao wanaofikiria kuanzisha mafunzo haya wanashauriwa waanze na watumishi wawili au watatu walio tayari, katika makao mamoja, na wapate kwanza ahadi ya msimamizi kutoka upande wa afya kabla ya kutafuta fedha za semina. Maafisa ustawi wa jamii wanaombwa wawaulize wakaazi wenyewe, kwa faragha, kama kikao kinawafaa. Na jibu la hapana lipokelewe kama lilivyo. Masheha na wananchi kwa jumla wanaombwa wasiyachukulie makao kuwa mahali pa kuwaacha watu. Mzee wa Sebleni, kama aliye Kilole au popote pengine, hutulizwa zaidi na mgeni anayerudi kumtembelea kuliko na zoezi lolote lililoandikwa.

Zamu ya usiku itaendelea kuwa ndefu, na kila mara atakuwapo aliyeamka kabla ya adhana ya alfajiri. Mtumishi aliyefunzwa vyema atamkuta, atamwamkia, atakaa karibu naye, na atamsaidia apumue. Kunapopambazuka atakwenda kuandika katika daftari kile alichoambiwa, ili wenye jukumu walishughulikie.